Kumsindikiza Mgeni Hadi Barabarani

Alhamisi iliyopita nilipewa kazi ya kupamba meza ya chai, na utoto wangu wote ukanirudia nikiwa nimesimama katika bustani ya watu, Mirdif, huku Uarabuni ninakofanya kazi za ndani, mkasi mkononi. Madam, mwajiri wangu, alikuwa amealika rafiki zake tisa kabla joto halijatufungia ndani. Alitaka meza ya majira ya maua: kitambaa cha kijani kibichi, leso za mezani zilizofungwa utepe, mayai yaliyopakwa rangi, na vijikeki visivyozidi dole gumba juu ya sahani za ghorofa tatu. Akanionyesha picha kwenye simu. "Yalla, iwe hivi hivi," akasema.

Nikaipamba kwa moyo wote, na sababu ninayo. Mkataba wangu wa miaka miwili umekwisha, pasipoti yangu imo kabatini mwake, naye aliniahidi kwamba chai hiyo ikipita salama atanikatia tiketi niende Lushoto, nile Pasaka na bibi yangu aliyenilea. Bibi hainuki tena kitandani.

Kama na wewe ulikulia milimani, utanielewa. Pasaka yetu ilikuja na ukungu na matope, na bibi alikuwa na meza moja tu, mguu wake mmoja umetiwa kigae usicheze. Siku hiyo ilitandikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na juu yake maua meupe ya mtoni ndani ya kopo la maziwa. Jikoni chai ya maziwa ilichemka na mchaichai, maandazi yalinukia iliki mpaka kwa jirani, na magimbi yalipakuliwa yakitoa mvuke. Vikombe vya wageni vilishuka kabatini mara moja kwa mwaka, na mwoshaji nilikuwa mimi, kwa maji ya baridi yanayoumiza vidole.

Nisikudanganye, niliichukia siku ile. Wenzangu walikuwa wanacheza rede nyuma ya nyumba, nasikia wanavyopiga kelele, na mimi nimekwama kando ya birika kwa gauni la kola inayowasha. Mwalimu wangu wa shule, mgeni wetu wa kila mwaka, alikunywa vikombe vinne na bado akawa na hadithi. Niliapa kwamba nikiwa mkubwa sitammiminia mtu chai. Haya, ukubwa wenyewe ndio huu.

Hata wageni walipoinuka sikuwa huru, maana kulikuwa na kusindikiza. Bibi hakukubali mgeni aishie mlangoni. "Mfikishe barabarani," alikuwa akisema, "na usigeuke mpaka apotee machoni. Ukimpa mgongo mapema, atadhani ulikuwa umemchoka." Basi nilibeba kikapu cha mgeni hadi barabarani, nikasimama kwenye manyunyu mpaka mwavuli wake ukapotea kwenye kona. Nilifanya hivyo miaka mingi, mpaka miguu ikazoea kwenda yenyewe.

Na Alhamisi hiyo miguu ikaenda yenyewe. Chai ilikuwa imepita vizuri, wageni wamepiga picha za meza zaidi kuliko walivyokula, na madam alikuwa anacheka nao. Mama mmoja mzee mwenye fimbo aliaga wa kwanza. Gari lake lilikuwa limeegeshwa nyumba tatu mbele, kwa sababu mtaa ulijaa. Nikamchukulia mkoba, nikamshika kiwiko, nikatoka naye getini. Alinishukuru, akanipapasa shavu, gari likaondoka. Nami nikabaki nimesimama kando ya barabara, mikono mitupu, nikilitazama.

Sasa jiulize mtu aliyeko ndani aliona nini. Aliona geti wazi na mfanyakazi wake yuko nje peke yake, anaangalia barabara. Dada wa kazi aliyekuwepo kabla yangu aliondoka siku ya wageni namna hiyo hiyo, hakurudi.

Madam alikuja mbio, viatu mkononi. "Unakwenda wapi? Nani anakusubiri?"

"Hakuna, madam. Nilikuwa namsindikiza mgeni."

"Dereva wake alikuwepo. Wewe umetoka kufanya nini?"

Nikaeleza mambo ya bibi na barabara, na nilivyozidi kueleza ndivyo uso wake ulivyozidi kukaza. Sikuweza kumlaumu moja kwa moja, ingawa nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. "Likizo khalas, imekwisha," akasema. "Tutaona baada ya kiangazi, inshallah." Akafunga geti, ufunguo akaenda nao.

Nilikuwa bado nakusanya sahani shangazi alipopiga simu kutoka nyumbani. Nilijibanza nyuma ya mashine ya kufulia. Kwa kweli nyumbani kule hakujabaki kitu cha kurudia: mwalimu amefariki, jirani amehamia kwa wanawe, wenzangu wa rede wametawanyika kila mmoja kwake, na ile Pasaka haiadhimishwi tena na mtu. Amebaki bibi peke yake. Kiangazi hiki hatakimaliza, na mimi najua, na shangazi anajua.

Shangazi akamwekea simu sikioni. Nikasikia pumzi kwanza, kisha sauti nyembamba.

"Mjukuu wangu, Pasaka unakuja?"

"Nakuja, bibi."

Sikuwahi kumdanganya hata siku moja. Akaniamini papo hapo, nikamsikia akimwambia shangazi apige deki chumba changu.