Neno la Mwanakheri Juu ya Ubao Mpya

Asubuhi ile ya mwisho Mwanakheri alinimwagia maji miguuni, akacheka.

Tulikuwa tumeshaswali alfajiri. Mbaazi zimeiva, tui limeingia, mahamri yamefunikwa. Alitoa beseni lake la kupimia, lile la bati lenye mstari wa mkaa kwa ndani, akalijaza maji mpaka kwenye mstari. Akaliweka juu ya ubao mpya ambao Luqman aliuleta jana yake. Mimi nilikuwa nyuma, nimelishika beseni lisiyumbe kabla ya safari. Akagusa rimoti, akaanza, "Bismi..." Ubao ukaruka. Maji yote ya juu yakarudi kwangu.

"Baba Mishi," akasema, "leo umetawadha mara mbili."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo asubuhi yetu hiyo. Haikuwa na jambo.

Mbao hizi ni skeitibodi za umeme. Zina magurudumu manne na betri chini, na rimoti ya kushika mkononi. Vijana wa Nyali huzipanda wakisimama, wakapita kama upepo. Mwanakheri hakuzipanda hata siku moja. Yeye alizifungia sufuria.

Nieleze ilivyokuwa.

Mke wangu alizaliwa Mtongwe, kwa watu wa minazi. Baba yake alimfundisha kusuka makuti, mama yake akamfundisha kupika. Nilimuoa nikiwa kuli pale bandarini, mgongo bado mzima. Tulizaa mtoto mmoja, Mishi, na tukalea mmoja, Luqman, mtoto wa mdogo wake marehemu. Mwaka mgongo wangu uliponishinda, nikarudishwa nyumbani. Kesho yake Mwanakheri aliamka saa tisa na nusu za alfajiri akabandika mbaazi. Akaenda kuuza njia panda, pale lami ya Shika Adabu inapokutana na barabara ya feri. Aliuza hapo miaka ishirini na mbili.

Kisha goti lake likakataa kubeba sufuria. Mkokoteni wataka kifua, na kifua hana. Mimi kuinama siwezi. Siku tatu sufuria ilikaa kibarazani na yeye amekaa kando yake, wateja wanapita kwenda kuvuka, wanasalimia, wanakwenda zao. Siku ya tatu akamwambia Mishi aliyekuja kumtazama, "Mimi mtu wa barabarani. Mkiniweka ndani nitachacha."

Mishi alilia. Luqman alikuwapo, hakulia. Aliondoka akarudi na ubao.

Luqman wakati ule alikuwa karani kwa watu wa kutoa mizigo bandarini Kipevu. Aliona mbao hizi zikiingia, za mtumba, akanunua mojamoja akauza pembeni. Huo wa kwanza ulikuwa mweusi, magurudumu madogo magumu. Alifunga kreti la soda juu yake kwa mipira, akaweka sufuria ndani ya kreti. Mwanakheri akashika rimoti mkono mmoja na bakora mkono mwingine, akatembea nyuma polepole. Mtaa mzima ulitoka nje.

Nguma, askari wa usiku anayetoka kazini saa hizo, alimpigia kelele, "Bi Mwanakheri! Mbuzi wako leo hana kamba?"

"Kamba nimekuwekea wewe," akajibu. "Naona wapotea njia ya nyumbani kila asubuhi."

Nguma akanunua mbaazi kwa aibu.

Ubao ule wa kwanza haukufaa. Kila kokoto ya lami iliitetemesha sufuria, na mbaazi zilifika zimepondeka kama zimesagwa. Mwanakheri alimwambia Luqman wazi, "Mwepesi kubeba, lakini huu ni wa kuchekechea unga." Luqman akaleta wa pili. Huu ulikuwa mzito, magurudumu makubwa ya mpira, laini. Uliupita mchanga na mashimo kama hauyaoni. Kuchaji kwake kulichukua usiku mzima, na umeme ukikatika ndiyo basi, asubuhi haendi. Tena ulikuwa mzito wa kusikia. Ukigusa rimoti, utasema bismillahi, utamsalimu jirani, utamuuliza habari za watoto, ndipo ujivute. Lakini tui halikumwagika.

"Huu," alisema, "ndio wangu."

Ndivyo alivyoanza kupima. Luqman akipata ubao wowote humletea kwanza. Alikuwa na mambo matatu ya kupimia. La kwanza beseni la maji, kutoka mlangoni kwetu mpaka msikitini na kurudi, kisha aingize kidole aone maji yameshuka kiasi gani chini ya mstari. La pili kile kilima cha kwa Mwinyihaji, ubao umebeba mawe ya mafiga. La tatu ni lake mwenyewe. Kila jambo yeye alilianza kwa bismillahi, kwa sauti, nzima, bila kukata. Aligusa rimoti ndipo akaianza, akisema chombo kizuri humngoja mtu amalize.

Watu wakajua. Mtu akitaka kununua kwa Luqman alikuwa anauliza, "Bi Mwanakheri kasemaje?" Na yeye hakuwahi kusema uongo kwa ajili ya Luqman, ingawa alimpenda kama alivyompenda Mishi. Wala hakuwahi kusifu kitu bila kutia lakini.

Mwaka huu Luqman aliacha kazi Kipevu. Akafungua banda lake mwenyewe barabarani. Alikuwa ameagiza toleo jipya, lililotoka juzi tu, shehena nzima ya masanduku. Jioni moja akatuletea ubao mmoja. Ubao wa buluu, mwembamba, una taa mbele. Magurudumu laini kama ya ule mzito, na mwenyewe mwepesi kama ule mweusi. Kuchaji kwake saa mbili tu.

Akauweka chini mbele ya Mwanakheri kama mtu anayeleta posa.

"Mama mkubwa, upime kwa raha zako. Ila ukiupitisha huu, mimi nitakuwa mtu."

"Na nisipoupitisha utakuwa nini? Paka?"

"Mama mkubwa!"

"Nenda kalale. Kesho nitakupa neno."

Basi kesho yake ndiyo ile asubuhi ya maji. Alikwenda nao msikitini na kurudi. Alipanda nao kwa Mwinyihaji. Aliporudi aliufuta vumbi kwa ncha ya kanga yake, polepole, kama anamfuta mtoto. Halafu akaniambia neno lake juu ya ubao ule. Akaniambia, "Ukimwona Luqman kabla yangu, mfikishie. Usiongeze, usipunguze."

Nikasema, "Nimesikia."

Akaondoka na ubao wake mzito kwenda kuuza. Akarudi saa nne, sufuria tupu. Akasema miguu yake ina baridi. Nikamfunika. Adhuhuri ilipoadhiniwa nilimwita, hakuitika.

Tulimzika alasiri. Pale makaburini ndugu yake alisimama akasema maneno yanayosemwa. Kama kuna mwenye haki yake kwa marehemu, au aliyemwekea amana, aje kwa familia. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilijua aliye na amana ni mimi.

Siku ya tatu, baada ya kisomo cha hitima, Luqman alikuja akakaa karibu yangu mkekani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba mkubwa, naona haya kuuliza."

"Uliza."

"Aliwahi kuupima?"

"Aliupima."

"Akasemaje?"

Nikamwambia maneno ya mwanzo. Kwamba wapanda kilima vizuri, na haupigi kelele. Hayo aliyasema kweli. Kisha nikafunga mdomo.

Luqman akaushika mkono wangu akaubusu. "Alhamdulillahi," akasema, "mama mkubwa hakuniangusha." Alilia hapo, na watu wakamliwaza.

Mimi shule sikwenda. Kwenye chuo cha Kurani nilisoma juzuu chache nikatolewa kwenda shambani. Kwa hivyo maneno nayashika kwa kichwa. Neno lake lote nililishika, halikupotea hata herufi. Sikusahau. Nilimwonea huruma kijana, hiyo ni kweli. Lakini palikuwa na jingine. Nguo zake wanawake walishazigawa. Sufuria Mishi aliichukua. Usiku nikilala nilikuwa nalisema lile neno tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti yake, na ile nusu ya pili ilikuwa yangu peke yangu. Hakuna mwingine aliyeisikia. Nikiitoa, ndiyo imekwisha.

Hivyo nikaila amana. Siku hadi siku.

Siku ya kumi na tisa Pascalia alinijia. Huyu ni mama wa Kitaita auzaye uji pale njia panda, jirani yake Mwanakheri miaka sita. Hubeba uji kwenye ndoo kichwani, na shingo yake imeanza kumuuma. Hakuingia ndani, alikaa kibarazani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Kazi iko. Baba, kesho nachukua ule ubao wa buluu kwa Luqman. Nimekuja kukuuliza tu. Mama alisema wapanda kilima na haupigi kelele. Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu alisema nini?" Akanitazama. "Baba, mimi nilikaa na Mama pale. Akionja uji wangu alikuwa anasema, mtamu, lakini. Nilivaa gauni la harusi ya ndugu yangu akasema, zuri, lakini. Hata padri wetu alipita akamsalimu vizuri, akaniambia yule mstaarabu, lakini anatembea haraka." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sasa kwenye huu ubao, lakini yake iko wapi?"

Nilitazama ndoo yake. Ilikuwa na kovu la moto ubavuni, na mkono wake pia, juu ya kiwiko, kovu la zamani la uji. Nilikuwa nimemwona mama huyu miaka sita sijaliona kovu hilo.

Nikamwambia, "Usichukue kitu kesho kabla hujapita kwangu." Akaondoka.

Nikaingia ndani nikautoa ubao mzito wa Mwanakheri. Rimoti siijui. Nikaufunga kamba nikauvuta kama mbuzi, mpaka kwa Luqman. Nguma aliniona njiani. Alifungua mdomo, akaufumba. Akaniamkia kwa adabu.

Banda la Luqman limepakwa buluu. Juu ya mlango ameandika maneno kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Watu wawili walikuwa wanatazama mbao. Nilingoja waondoke.

"Nisomee pale juu," nikamwambia.

Akasoma, na kwa fahari. "Ubao mpya. Bi Mwanakheri ameupitisha. Wapanda kilima vizuri, haupigi kelele."

"Ni maneno yake," nikasema. "Nusu."

Hakuelewa. Kisha akaelewa. Nilimwona akielewa. Akaweka chini kitambaa alichokuwa anafutia.

"Baba mkubwa. Siku zote hizi?"

"Siku kumi na tisa."

"Mimi nimeuza mbao nne kwa jina lake!"

"Najua. Dhambi ni yangu, si yako."

"Kwa nini? Uliona nitavunjika? Mimi si mtoto."

"Hilo lilikuwapo. Lakini si hilo." Nilitafuta pa kukaa, akanisogezea kreti. Lilikuwa lile la soda, la ubao wa kwanza. "Aliniachia mimi," nikasema. "Alinipa njiani anakwenda kazini, kama anayekupa ufunguo. Nikaona nikikupa wewe, sibaki na kitu."

Lori la makontena lilipita, banda zima likatetemeka.

"Ni baya?" Luqman akauliza. Sauti yake ilikuwa ya yule mtoto aliyeletwa kwetu akiwa na miaka saba.

"Si baya. Ni lake."

"Na nikiliandika, nani atanunua?"

"Sijui, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimletea akupimie. Hukumletea akusifie."

Akaangalia masanduku yake yaliyopangwa mpaka darini. Akaangalia ule ubao mzito nilioufunga kamba. Akainama akaifungua ile kamba, akaupangusa vumbi kwa kiganja. Halafu akaingia nyuma, akatoka na kopo la rangi nyeupe na brashi, akanyanyua ngazi.

"Kesho nitawafuata wale wanne niliowauzia," akasema. "Mmoja ni muuza supu." Akapanda. Pale juu palikuwa na nafasi chini ya maandishi, kama vile aliiacha. Akachovya brashi, akasema, "Bismillahir Rahmanir Rahim," akaimaliza yote.

"Haya, baba mkubwa. Liseme tangu mwanzo. Polepole, niandike lote."

Nikasimama. Nikalisema kama lilivyo, kwa mara ya mwisho likiwa langu:

"Mwambie Luqman ubao wake wapanda kilima vizuri, na haupigi kelele. Lakini waondoka mtu hajamaliza bismillahi. Mwenye chungu cha moto asipewe huu, hata akiulilia. Vijana wa kusimama juu yake na wauchukue, hao hawana kitu cha kumwagika. Na mimi niachieni huu wangu mzito. Tumeshajuana mwendo."