Mafuta ya Mtoto wa Melania

Shangazi yangu Mwamvua alikuwa mbishi, na sisemi hivyo kwa kumsengenya, mwenyewe alijivunia. Alibishana na makondakta, alibishana na wauza nyanya, alibishana hata na Kaushik mwenye duka, aliyeuza mafuta ya mgando ya kopo huku mkewe akituma mtu kwa siri kuchukua mafuta ya shangazi. Tinde nzima iliyajua mafuta hayo. Ya nyonyo alikamua kwa ajili ya nywele na visigino vya wazee vilivyopasuka, ya karanga kwa ajili ya watoto wachanga.

Mwaka 1994 niliachika, nikarudi kuishi kwake, na kazi ya kutwanga ikawa yangu. Karanga tulizikaanga kidogo tu, tukazitwanga mpaka zikalainika kabisa, tukazichemsha kwa maji mengi. Mafuta yakipanda juu, shangazi aliyaengua kwa upawa na kuyarudisha motoni. Yakiacha kutatarika, alinifundisha, ujue maji yamekwisha. Yakibaki na maji yatachacha, na mafuta yaliyochacha yatamtoa mtoto vipele. Hapo hakuwa na mzaha.

Lakini kukamua ilikuwa nusu ya kazi. Mtoto akizaliwa, shangazi aliitwa kila asubuhi kwa siku kadhaa, amkande, amnyooshe viungo, ampake, kisha amlaze uchi kwenye mkeka uani, ngozi iyanywe mafuta kwa jua la asubuhi. Mama yake shangazi alifanya hivyo, na bibi yake pia. Tukiwa njiani, akipita kijana kwenye baiskeli, aliweza kusema kwa sauti, "Mapaja ya yule niliyanyoosha mimi." Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba ya kijana.

Mwezi wa tatu aliitwa kwa mama Sostenes, nami nikamfuata na chupa ya mafuta. Sostenes alikuwa Geita, anachimba dhahabu, na mkewe Melania alikuwa na wiki mbili tangu ajifungue mtoto wao wa kwanza, wa kiume. Mama Sostenes alitupokea nje, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto ni zeruzeru. Ndivyo tulivyosema siku hizo. Leo neno hilo nalionea haya.

"Mama yake hataki kumshika," alisema. "Namweka mimi kwenye titi, akishiba namtoa mimi. Nimemtumia Sostenes salamu, Jumamosi anakuja. Kama mambo ni haya haya, atampeleka Ushirombo kwa masista wamlee. Mimi nimezeeka, mayu, mama yangu."

Ndani, Melania alikuwa amelala ameelekea ukutani. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Wanawake waliokuja kumpongeza walikuwa wamemtazama mtoto, wakakaa kidogo, kisha kila mmoja akakumbuka shughuli zake. Mimi niliyeachwa juzi nilijua jinsi watu wanavyokumbuka shughuli zao, na nilimwonea uchungu.

Shangazi alimbeba mtoto bila kusita. "Mwangaluka, bwana mdogo," alimsalimu. "Ngozi nzuri hii. Laini kuliko zote nilizoshika mwaka huu." Alisema kwa nguvu ili ukuta usikie.

Siku tatu mfululizo mvua ilinyesha asubuhi, kwa hiyo kazi yote ilifanyika ndani. Kila siku shangazi alimwita Melania aje ashike hata mguu mmoja. Kila siku Melania alisema anaumwa kichwa.

Ijumaa jua likatoka. Tulichelewa kufika, kwa sababu shangazi alisimama njiani kubishana, na tulipofika ilikuwa karibu saa nne na uani kulikuwa kumeshakauka. Alimkanda mtoto, akampaka mafuta ya karanga mwili mzima mpaka akang'aa, akamlaza kwenye mkeka. Hakuwaza mara mbili. Alifanya kama alivyowafanyia watoto wote.

Mtoto alianza kulia. "Mwache akomaze kifua," shangazi alisema, akaendelea kuzungumza na mama Sostenes. Kilio kikabadilika, kikawa kikali. Nilikuwa nainuka nikamtazame, Melania akatoka ndani. Alitoka bila viatu, khanga inamvuka, akapita katikati yetu, akamnyakua mtoto. Mgongo na mapaja yalikuwa mekundu.

"Hamuoni anaungua?" alisema. Shangazi alinyoosha mikono ampokee, na Melania akarudi nyuma. "Usimguse. Usimguse mwanangu."

Mama Sostenes aliziba mdomo kwa kiganja. Nilimwangalia shangazi, nikisubiri abishe, maana hakuna binti wa umri ule aliyewahi kumwambia usiguse. Alipiga magoti pale kwenye mkeka.

"Nimekosa, mwanangu," alisema. "Nimemfanyia kama wengine. Mlowanishie kitambaa kwa maji ya baridi, usimpake kitu, mpeleke zahanati."

Melania alimpeleka mwenyewe, amemfunika gubigubi, na hakumpa mtu yeyote amsaidie kubeba. Nesi alimweleza kwamba mtoto wa ngozi ile hawekwi juani kabisa. Mafuta ya karanga yatamlainisha, lakini hayamkingi na jua. Avae mikono mirefu na kofia maisha yake yote.

Shangazi hakula siku ile. Alilia, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na aliponiambia sababu nilidhani nimesikia vibaya. "Nimemuunguza mtoto wa watu," alisema, "na bado nina furaha. Mungu anisamehe. Umemsikia Melania alivyomwita 'mwanangu'?"

Jumamosi tulikwenda tena, yeye mikono mitupu, aombe radhi mara ya pili. Melania alikuwa ameketi ndani mbali na mlango, mtoto mapajani, wekundu umepungua. Alikuwa anampaka mafuta miguuni, pale pasipoungua, na alikuwa anakosea: alimimina mengi mno, na vidole vya mtoto hakuvitenganisha. Shangazi alisimama mlangoni. Nilimwona anafumbua mdomo na kuufumba.

Sostenes alifika mchana kwa basi, na vumbi la Geita hadi kwenye kope. Alikuwa amenunua blanketi la safari ya Ushirombo. Alimsalimu shangazi, akamtazama mkewe, akamtazama mtoto, akasimama tu na blanketi lake, hajui alipeleke wapi. Kisha akanyoosha mkono kumgusa mtoto shavu.

"Nawa kwanza, baba yake," Melania alisema bila kuinua uso. "Ngozi yake haitaki vumbi."

Sostenes akatoka uani kutafuta maji. Shangazi ndiye aliyemmiminia, na akamfanya anawe mara mbili.