Sinema Bubu za Parokiani

Sisi tuliokulia vijiji vya ujamaa kule juu Ufipa, sinema tuliilipia kwa blanketi. Usicheke. Padri wetu, mzee wa Kizungu mwenye ndevu ndefu, alikuwa na mashine ya kuonyesha picha na mikanda ya Hollywood ya zamani sana, ya wakati ule sinema zilikuwa bado hazijaanza kusema. Alionyesha Jumapili mchana baada ya misa ya pili, kwenye ukumbi wa parokia wenye madirisha makubwa manane, na mwanga ukiingia picha haionekani. Kwa hiyo kila nyumba ililazimika kuleta blanketi moja la kuziba dirisha. Asiyeleta alibaki nje akisikiliza jenereta. Na mwezi wa sita, jamani, baridi yetu mnaijua, kutoa blanketi si mchezo. Mama alikuwa akinikabidhi letu huku akinionya, "Ukinirudishia na viroboto vya watu, utalala nao jikoni."

Nakumbuka wiki nzima ilivyokuwa ndefu. Alfajiri mchakamchaka, umande wa baridi unauma vidole vya miguu, tunaimba mpaka koo linakauka. Siku mbili ni shamba la kijiji, siku nyingine foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika, ambako mara nyingi ulirudi na habari kwamba sabuni itakuja. Jioni ugali wa ulezi na dagaa wa Kabwe, kule ziwani Tanganyika, waliofika upande wetu wa Mollo wamekauka mpaka wanalia meno yakiwagusa. Hatukuwa na kitu, lakini Jumapili tulikuwa na Hollywood.

Na niseme wazi, mwenye kuchukia achukie: hakuna sinema iliyozishinda zile. Mwigizaji wa siku zile hakuwa na neno la kumwokoa. Akitaka kulia, alie kwa mabega. Mwanamke akiachwa na mume, hakuambii ameachwa. Unamwona anakunja shati la yule bwana, analikunjua, analikunja tena. Yule mcheshi wa kuanguka anguka alikuwa akianguka kweli, mgongo chini, hakuna cha kompyuta. Leo wanaongea saa mbili nzima na ukitoka hukumbuki sura ya mtu hata mmoja.

Baadaye gari la sinema la serikali lilileta mjini Sumbawanga zile picha za Hollywood zenye sauti. Tulitembea kwa miguu kwenda kuziona, tukarudi tumenuna. Wazungu walisimama sebuleni wakizungumza Kiingereza puani, sisi tunangoja farasi atokee. Farasi walikuwa wazuri, hilo nakubali. Na wale wanawake, Mungu alikuwa amewapa macho! Lakini sauti ilitufukuza. Ile picha bubu haikuwa na mwenyeji wala mgeni.

Padri alikuwa na ustaarabu wake. Watu wa kwenye picha wakianza kusogezeana midomo, aliweka kiganja mbele ya taa ya mashine, ukumbi ukawa giza, akahesabu kimoyomoyo, kisha akatoa. Kuna siku alihesabu haraka. Akina mama wa kwaya waliinamisha vichwa wote kwa pamoja, na wote walikuwa wanachungulia.

Sasa, maneno yaliyoandikwa kati ya picha na picha yalikuwa ya Kiingereza, na hatukuyajua. Kwa hiyo katekista wetu, mzee Gaspari, alisimama kando ya shuka jeupe na fimbo mkononi, akitueleza kinachoendelea. Kiingereza naye hakujua. Alikuwa anatunga. Vijana wa leo wanadhani yule anayetafsiri sinema kwa kupiga kelele kwenye vibanda vya video ni uvumbuzi wa Dar es Salaam. Wapi! Katekista Gaspari alifanya kazi hiyo kabla baba zao hawajabatizwa.

Aliyekuwa hamsikii ni dada yangu Gaudensia peke yake. Aliugua uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu, homa ikaondoka na masikio. Alikuwa ananizidi miaka miwili, lakini mimi nilikuwa darasa la tatu na yeye alikuwa shambani anafukuza ndege wasile ulezi. Mwaka ule serikali ilikuwa imetangaza kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita na daftari, na alipofika kwa Gaude, baba alimwambia, "Huyo mruke. Haelewi kitu." Hakusema kwa ubaya. Aliamini hivyo, kama unavyoamini kwamba kesho kutakuwa na baridi. Balozi akasema atarudi mara moja tu baada ya mavuno kumalizia majina, halafu daftari linakwenda wilayani.

Jumapili moja katikati ya mavuno, baba alikuja nasi ukumbini. Mama alibaki nyumbani na mtoto mchanga. Picha ilikuwa ya kijana mmoja maskini na msichana wa nyumba nzuri. Ikafika mahali yule kijana akapiga magoti mbele ya msichana, akatoa pete mfukoni.

Kwetu, mtu akipiga magoti anasalimia mkubwa au anaomba radhi. Mwanamume kumpigia magoti msichana, tena bustanini mchana kweupe? Lazima ana kosa. Katekista Gaspari hakusita. Akagonga shuka kwa fimbo, akatutangazia kwamba kijana aliiba pete, dhamiri imemsuta, sasa anairudisha. Ukumbi ukaguna. Msichana akafunika uso, akalia, akampa mkono. Katekista akasema amesamehewa, tutazame huruma ya yule binti. Wazee wakatikisa vichwa kwa uchungu.

Gaude akanivuta mkono. Akagusa kidole chake cha pete, akajifunika kanga kichwani kama shela, kisha akatembeza vidole viwili sambamba juu ya benchi. Nikamtikisia kichwa, nikamwonyesha kwa mkono kwamba yule ni mwizi. Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani.

Picha iliyofuata, kanisa. Shela, maua, na mwizi wetu amevaa suti. Bibi mmoja mbele akauliza kwa sauti inakuwaje binti aolewe na mwizi, na mahari amepokea nani. Katekista Gaspari akameza mate, halafu akasema bila kupepesa jicho, "Ndicho kitubio alichopewa." Padri alicheka mpaka akashika mashine isianguke. Gaude alinipiga kofi la paja. Nilipogeuka, nilimwona baba benchi la nyuma. Alikuwa hatazami picha. Alikuwa anamtazama Gaude.

Nyumbani mama akatuuliza tumeona nini. Nikaanza, kwa fujo zangu: palikuwa na mwizi wa pete. Gaude aliona midomo yangu inakwenda, akaja katikati ya jiko, akaanza upya. Alikuwa kijana maskini, akavuta suruali iliyokuwa kubwa. Akawa msichana, akawa baba mwenye tumbo aliyemkataa kijana, akapiga magoti, akatoa pete isiyokuwepo, na mkono wake ulikuwa unatetemeka kama wa yule kijana, kitu ambacho kule ukumbini mimi wala sikukiona. Mama aliacha mwiko kwenye ugali, akacheka, kisha akafuta machozi kwa kanga. Mimi niliendelea kukatiza, mara mwizi, mara kitubio.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Wewe nyamaza," akaniambia. "Mwache dada yako aseme."

Sijasahau neno hilo. Nyumba yetu haikuwahi kumwambia Gaude aseme.

Wiki mbili zikapita bila baba kuligusa tena jambo hilo, na mimi usiku nilikuwa naomba kwa Bikira Maria balozi asisahau kurudi. Alirudi. Akafungua daftari, akasoma majina yetu, akauliza kama kuna la kuongeza. Baba akasema amwandike Gaudensia. Balozi akashangaa, akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alisema mtoto haelewi.

"Muulize mwenyewe," baba akasema.

Balozi wa watu hakujua aulizeje. Akamtazama Gaude, akaonyesha daftari, akaonyesha upande wa shule, akainua mabega. Gaude akamtazama baba usoni, muda mrefu. Baba akaitikia kwa kichwa. Gaude hakuruka wala hakushangilia. Alikwenda nyuma ya nyumba kwenye mtungi, akaanza kunawa miguu. Nyumbani kwetu aliyenawa miguu asubuhi alikuwa yule anayekwenda shule, na yeye alikuwa ameliona hilo miaka yote. Ilikuwa saa kumi jioni. Baba alimfuata, akamshikia kata ya maji, akamsuuza miguu yeye mwenyewe, halafu akabaki amechuchumaa pale, analia.

Alisoma kwa kunakili ubaoni, mpaka padri alipompatia nafasi shule ya viziwi mkoa mwingine. Leo ana cherehani tano mjini Sumbawanga na wasichana anaowafundisha, na ukimletea kitambaa cha hovyo utajua kwamba umemletea cha hovyo.

Wajukuu zangu nawatania sana. Wana sinema elfu kwenye simu na hawajamaliza hata moja. Wanaisogeza mbele kwa kidole, wanacheka nusu, wanahama. Sisi tulirudia mkanda mmoja mara sita, tena tukiwa na baridi, tukatoka kila mara na kitu kipya. Nawaambia simu imewaharibu. Lakini hapo nalazimika kutulia kidogo, maana Gaude naye ana simu.

Jioni anaisimamisha kwenye cherehani, anapigiana simu ya picha na rafiki yake waliyesoma naye shule ya viziwi, yuko Mbeya. Hawatoi sauti hata kidogo. Mikono inakwenda, nyusi zinapanda, mabega yanacheka. Juzi niliingia na mjukuu wangu, nikasimama mbele yao kumwuliza wanasema nini. Akanipungia nitoke kwenye mwanga, nikae. Nikakaa. Nikatazama mikono yao, na baada ya muda kidogo nikacheka, safari hii mimi wa kwanza kuelewa, na mjukuu wangu ndiye ananiuliza kuna nini.