Jinsi vi na Kibodi ya Kifaransa Vilivyomkosesha Maman Nabintu Gari la Wagonjwa, Nakivale

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nimekaa humu jukwaani muda mrefu nikisoma tu mnavyogombana kuhusu distro ipi, yaani toleo lipi la Linux, ni ya wanaume. Leo naleta yangu. Haya niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyafanya kwa vidole vyangu. Chumvi siongezi, yenyewe ilikuja na ya kutosha.

Kwa wasiotujua, Nakivale ni makazi ya wakimbizi Uganda. Ukitoka Mbarara unapita Kaberebere, unaendelea na vumbi mpaka utukute. Mimi ni mtu wa Kivu ya Kusini, naishi Misiera, karibu na Base Camp. Wakati huo nilikuwa naangalia chumba cha kompyuta cha chama chetu.

Chama kina comité. Sisi Wakongomani watatu tukikutana tu tayari kuna président, makamu na conseiller, na wa kufanya kazi hayupo.

Président wetu alikuwa Mzee Byamungu. Mtu wa suti hata kwenye jua kali.

Sasa, kwenye kile chumba kulikuwa na kompyuta kadhaa za msaada kutoka Ulaya. Moja, ile kuukuu kuliko zote, ilifungwa amplifaya na spika kubwa juu ya nguzo. Haikuwa na desktop. Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi. Iliwekwa hivyo isile umeme wa sola.

Aliyeiweka ni fundi mmoja wa Mbarara, Naboth. Aliipangia cron. Kwa wale wa Windows, cron ni kile kidude cha Linux kinachofanya kazi saa na siku uliyokipangia bila kukukumbusha wala kukuuliza.

Mstari wenyewe ulikuwa huu:

0 5 * * 2 /usr/bin/mpg123 /home/kituo/gari.mp3

Maana yake, kila Jumanne saa kumi na moja alfajiri spika inatoa sauti ya Mzee Byamungu: gari la wagonjwa wa kwenda hospitali Mbarara liko Base Camp, mje. Hiyo 2 ya mwisho ndiyo Jumanne. Kwa kweli cron inahesabu siku kama sisi wa Kongo, Jumatatu kwetu ni siku ya kwanza na Jumanne ni ya pili. Ninyi wa pwani na Jumamosi yenu mtajijua.

Mambo yalikwenda vizuri, mpaka gari likahamishiwa Jumatatu.

Kazi yote iliyohitajika ni kutoa 2 na kuweka 1. Tarakimu moja, wakuu. Comité ikaitisha kikao.

Naboth alikuwa ametuachia menyu kwenye ile kompyuta. Ikiwaka inaingia yenyewe, unabonyeza namba kwenye zile tarakimu za kulia za kibodi. Namba moja ni kujaribu sauti, mbili ni kuzima, tatu ni kubadili ratiba. Tukabonyeza tatu. Ikaita crontab -e, na crontab -e ikafungua vi.

Mnaoijua vi mmeshaanza kucheka. Kwa msioijua, vi ni programu ya kuandikia iliyotungwa na mtu asiyependa watu. Kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo kasheshe. Ukibonyeza herufi haiandiki, inafanya kitu kingine.

Nikauliza humu humu jukwaani, mara moja ile tu, kwa jina langu la zamani. Mmoja akaniambia tuhamie distro nyingine. Wa pili akasema vi ni rahisi sana, shida ni uvivu wetu. Wa tatu akauliza mkimbizi anatafuta nini kwenye Linux. Mmoja tu ndiye aliyetoa maelekezo: bonyeza x kufuta 2, bonyeza i uandike 1, bonyeza Esc, halafu nukta mbili na wq (hifadhi, toka) na Enter. Akaongeza kwamba kwenye vi kila kibonye kina maana yake, nisishangae.

Hilo la kutoshangaa ndilo lililotumaliza.

Tulibonyeza x, 2 ikaondoka. Tukabonyeza i, tukaweka 1, ikakaa. Esc. Kisha nukta mbili, na ile 1 ikawa 11. Tukabonyeza tena, ikawa 111. Wiki gani hiyo yenye siku mia na kumi na moja? Lakini tulishaambiwa vi ndiyo tabia yake, hatukushangaa.

Nikafuta zilizozidi, ikabaki 1 moja safi. Kutoka sasa ndiyo hakuna njia. Mzee Byamungu alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Moja si iko pale naiona?" akasema. "Kazi imeisha."

Nikamwambia haijahifadhiwa.

"Jeune, kijana wangu, miye naona moja. Weye unaona nini?"

Akaenda kwenye betri ya sola, akachomoa waya. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kutoka kwenye vi. Waya ukirudishwa kompyuta inawaka upya, haina habari na 1 yetu, 2 yake iko pale pale. Yeye alishakwenda kuwatangazia watu kwamba mashine imerekebishwa na wafuate mashine.

Nikamuuliza kwa nini tusitangaze kwa mdomo, maikrofoni si ipo? Ufunguo wa kabati la maikrofoni ulikuwa kwake. Akaniangalia kama niliyemtukana. Chama chenye mashine, anasema, hakiwezi kupiga kelele asubuhi kama muuza ndagala, yaani dagaa.

Sasa anaingia Maman Nabintu.

Huyu ni mama wa kanisani kwetu, anakaa ng'ambo ya Misiera, analima mahindi na maharage. Macho yake yote mawili yaliingiwa na mtoto wa jicho. Jembe alikuwa analishika kwa kukisia, na mara mbili alishakata mahindi yake mwenyewe akidhani ni majani. Madaktari wageni wa macho walikuwa wamefika Mbarara, wangekaa muda mfupi kisha warudi kwao. Jina lake lilikuwa limeshapokelewa. Kilichobaki ni yeye kupanda gari.

Matangazo ya karatasi pale Base Camp hayamsaidii, hawezi kuyaona. Alichobaki nacho ni masikio, na masikio aliyaelekeza kwenye spika yetu.

Nilimpitia Jumapili baada ya ibada nikamwambia gari ni kesho. Akanisikiliza kwa heshima yote.

"Mutoto wangu, weye unasema siku ya kwanza," akasema. "Mashine bado haijasema. Président alituambia tufwate mashine, bantu banadanganyaka."

"Maman, mashine ndiyo yenye shida."

"Basi wende uitengeneze, halafu itaniambia."

Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Jumatatu gari likaondoka. Jumanne alfajiri spika ikanguruma kwa sauti ya Mzee Byamungu, na Maman Nabintu akaja Base Camp na fimbo yake, kitenge kipya, chakula kimefungwa kwenye kitambaa. Alikaa pale mpaka jua likawa kali. Mlinzi ndiye aliyemwambia kwamba gari lilienda jana.

Iliniuma, wakuu. Nilimwona anarudi na lile furushi lake halijafunguliwa.

Comité ikakutana tena. Mzee Byamungu akatoa hukumu: "Ule mama hakusikiya muzuri. Mashine iko bien."

Yaani mtu haoni, amebakiwa na masikio, halafu na hayo unamnyang'anya.

Ilibaki Jumatatu moja tu kabla madaktari hawajaondoka. Nikampigia simu Naboth. Yeye Kiswahili chake ni kile cha Uganda, cha barabarani na sokoni, tunaelewana.

"Mimi nakuja huko, nafanya, computer nakubali," akasema. "Nyinyi nafanya, computer nakataa. Sasa shida iko kwa computer ama kwa nyinyi?"

Kuja hawezi, yuko Bwizibwera kwenye kituo cha maziwa, wana mashine yao imekwama. Tukakubaliana Jumamosi mchana anielekeze kwa simu. Nikamfungia mlango Mzee Byamungu. Alibaki nje ananiangalia dirishani na suti yake, na waya wa betri nimeukalia.

Namba tatu. vi ikafunguka. x, i, 1, Esc, yote sawa. Nukta mbili, ikawa 11.

"Hapana," Naboth akasema. "Colon haiwezi kuongeza namba. Wewe nabonyeza nini?"

"Nabonyeza nukta mbili. Iko imeandikwa kwenye kibonye."

Akaniambia nibonyeze i niandike maneno yoyote, tuone. Nilikuwa na mtu mmoja tu kichwani, nikaandika jina lake. Nabintu.

Kwenye skrini ikatokea Nqbintu.

Nikaandika tena. Nqbintu. Nikamsomea herufi moja moja.

"Andika sasa hiyo colon, w, q," akasema.

Nikaandika, ikatoka .za, nikamsomea na hiyo.

"Banange," akasema taratibu. "Hiyo keyboard iko ya Kifaransa?"

Wakuu, kibodi ilikuwa ya Kifaransa. Kompyuta za msaada zilitoka kwa Wafaransa, A yao iko mahali pa Q, W yao mahali pa Z, na nukta mbili yao imekaa kwenye nukta ya Waingereza. Naboth aliweka mpangilio wa Kiingereza kwa sababu ndio aliouzoea, na anaandika bila kuangalia chini. Alikuja mara ngapi, akakaa mbele ya ile kibodi, na hajawahi kuitazama. Sisi tunaandika kwa kutafuta herufi kwa macho, kidole kimoja. Yeye vidole vyake vilikuwa sahihi, sisi macho yetu yalikuwa sahihi, na kompyuta ilikuwa inavisikiliza vidole.

Zile kompyuta nyingine zenye desktop niliziweka Kifaransa mwenyewe zamani, hazikusumbua. Hii moja hatukuwahi kuiandikia herufi, ni namba za menyu tu. Siku ya kwanza kuiandikia tukaangukia kwenye vi, na vi ina sifa mbaya kiasi kwamba ikikupa Q badala ya A unasema basi, ndivyo ilivyo. Hata ile nukta mbili ilikuwa inatoa nukta, na nukta kwenye vi maana yake ni rudia ulichofanya mwisho. Ndiyo maana 1 zilikuwa zinazaliana.

Kwa hiyo kutoka kwetu kulikuwa hivi: Esc, kisha Shift na M, ndiyo inatoa nukta mbili. Kisha Z, inatoa w. Kisha A, inatoa q. Enter. Nilitoka kwanza bila kuhifadhi, nikaingia upya, nikabadili taratibu, nikatoka.

crontab: installing new crontab

Sijawahi kuona Kiingereza kitamu kama kile.

Jumapili nilimpitia tena Maman Nabintu, nikamwambia mashine imepona. Akasema sawa, atasikia mwenyewe. Sikulala vizuri. Jumatatu alfajiri niko mlangoni kwangu na koti, nasubiri, na spika ikanguruma. Nilipofika Base Camp yeye alikuwa ameshafika, amekaa kwenye gari, furushi mapajani.

Naboth alikuja baadaye akaweka mpangilio wa Kifaransa, akaendesha select-editor akachagua nano, programu nyingine ya kuandikia, ambayo chini kabisa imeandika namna ya kutoka kama jengo lolote la watu wenye akili. Aliandika akiangalia chini muda wote.

Somo ni hili. Kifaa kikikugomea, andika jina la mtu kwanza uone linatokaje, ndipo ulaumu kifaa, na mtumiaji awe wa mwisho kabisa kulaumiwa. Na ukitoa msaada jukwaani, kumwambia mtu asishangae si msaada. Kushangaa ndiko kungetuokoa mapema.

Maman Nabintu alirudi, bandeji ikatolewa, akaja chumbani kwetu. Alinitazama muda.

"Kumbe uko kijana ndogo hivi? Kwa sauti niliwazaka uko mutu muzima."

Akaomba nimwonyeshe ile herufi ya jina lake niliyomhadithia. Akaweka kidole juu ya A, akaiangalia, akamwangalia Mzee Byamungu ambaye alikuwa amepata shughuli ghafla na karatasi zake.

"Président, leo naona muzuri na nasikiya muzuri. Nipe ile mikrofoni."

Chumba kilikuwa kimejaa akina mama siku hiyo. Ufunguo wa kabati ukatoka mfukoni mwa Mzee. gari.mp3 ya zamani niliifuta kwa mikono yangu, nikamrekodi yeye, na mpaka leo kila Jumatatu Misiera inaamshwa na hii:

"Miye ni Maman Nabintu. Gari ya bagonjwa iko Base Camp, mukuje. Kama munasikiya sauti yangu siku ingine, mulale tu, mujue Président amechomoa waya."

Haya wakuu, uwanja ni wenu, mchangie, mnicheke, mnisahihishe. Ila yule wa "hamieni distro nyingine" asianze kuandika kabla hajafika Misiera, akakaa mbele ya ile kibodi, na kuliandika jina la huyu mama bila kukosea.