Nilivyopewa Utumbo Mpana

Ninyi mliokalia benchi moja watoto watano huku mkigombania kipande kimoja cha chaki, hebu sogeeni karibu, leo nataka tucheke. Nakumbuka tulipokuwa mwaka wa sita pale Lusangi, kabla barabara ya Kabambare haijaharibika kabisa, maana siku hizo ilikuwa imeharibika nusu tu. Shule yetu ilikuwa ya udongo na nyasi. Tablo, yaani ubao wa kuandikia, tuliipaka weusi wenyewe, kwa unga wa betri za redio zilizokufa na majani ya muhogo yaliyotwangwa, tukirudi nyumbani weusi hadi kwenye nyusi, na mama zetu wakituuliza kama tulienda kusoma au kuchoma makaa.

Picha ya mwili wa mtu shuleni ilikuwa moja tu, karatasi kubwa ya rangi iliyotundikwa ukutani tangu zamani. Mchwa walianza kuila kwenye vidole vya miguu. Tulipoingia mwaka wa sita walikuwa wamefika shingoni, na mtu wetu alibaki kichwa kitupu, macho yamemtoka, kama anayeshangaa wenzake wameenda wapi. Mwalimu Sumaili, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, aliitazama ile karatasi siku moja, akaibandua, akasema:

"Ile mwili, muchwa walikula. Lakini miili iko hapa, tena mingi. Simameni!"

Basi tukaanza kujisoma wenyewe. Tulikimbia kuzunguka uwanja, tukarudi tukihema, tukashikana vifundo vya mikono kutafuta mshipa unaopiga. Tulikata mabua ya majani ya mpapai, yale yenye tundu ndani, tukaweka ncha moja kifuani kwa mwenzetu na nyingine sikioni. Feza, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, aliposikia moyo wangu kwa mara ya kwanza alipiga kelele: "Zaina! Ndani yako kuko mutu anatwanga!" Mbuzi akichinjwa mahali, wavulana walikimbilia kibofu, wakakipuliza kikawa mpira, na Mwalimu alitueleza safari ya mkojo kutoka kwenye figo huku mpira wenyewe unapigwa mateke. Nyumbani tulikuwa balaa tupu. Nilimwambia mama katikati ya chakula, tukila mboga ya majani ya muhogo, "Mama, sasa sombe yako iko inashuka kwenye umio." Mama akanijibu bila kuinua macho, "Iache ishuke. Weye panda, chukua bido ya maji, wende mtoni."

Katikati ya raha hiyo ikaja habari mbaya. Mkaguzi wa shule, ambaye sisi tulimwita Ensipekta, angekuja kutoka Kabambare kututazama. Watu walisema kalasi yetu ina watoto wachache, na ikionekana hatujui kitu, mwaka wa sita utafungwa Lusangi na anayetaka kuumaliza aende Kabambare. Wavulana wangepata shangazi au mjomba wa kuwapokea kule. Sisi wasichana tulijua hesabu yetu. Baba yangu alilisema jambo hilo kwa upole, jembe bado liko begani: "Kama wanafunga kalasi, Zaina, utabaki na mama yako shambani. Mimi siwezi kutuma mutoto mwanamuke alale kwa watu." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu, na hofu ya baba haibishiwi. Nikachukua bido, nikaenda mtoni.

Mwalimu Sumaili hakulala na habari ile. Kesho yake alitangaza kwamba kwa kuwa picha hatuna, Ensipekta ataonyeshwa mwili mkubwa kuliko wote aliowahi kuuona: mwili wa ukubwa wa uwanja wa mpira, kichwa upande wa kanisa, miguu upande wa msikiti, na viungo vyake ni sisi. Akaanza kugawa. Feza akapewa moyo, kwa sababu alijua kupiga ngoma. Mapacha wawili wa Mama Sifa wakawa mapafu, ingawa walikuwa wamenuniana tangu Pasaka kwa sababu ya embe. Wasichana wanne wakapewa kikwembe, kitenge kikubwa cha kutikisa, hao ndio tumbo la chakula. Watoto wa kalasi ya chini wakapangwa mstari mrefu unaojikunja kama nyoka, utumbo mwembamba. Amisi, mvulana mfupi wa mviringo aliyependa kula kuliko kuhesabu, akawa tonge la bugali, na kazi yake ni kupita mwilini mote.

"Zaina," akaita Mwalimu, "utumbo mupana."

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Mimi niliyetegemea kuwa ubongo! Nililia njia nzima. Bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa amekaa mlangoni akipeta mpunga, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka ungo chini.

"Weye unalilia kupewa utumbo mupana? Mutu anaweza kukaa siku mingi bila kufikiri, na wako wengi hapa kijijini. Lakini akae siku kidogo bila kwenda chooni, utamusikia akiita mama yake."

Nikacheka na makamasi puani, na kesho nikaenda mazoezini.

Mazoezi hayo, jamani! Amisi alikuwa anaanza kwenye meno, yaani madawati mawili yanayogonganishwa. Anateremka kati ya mikono ya umio, anarushwarushwa tumboni kwenye kikwembe, kisha anatambaa katika utumbo mwembamba huku wale wadogo wakimtekenya, kwa sababu Mwalimu alisema utumbo unasukuma chakula kwa kujibana, nao hawakujua kubana bila kutekenya. Akinifikia mimi, amebeba kitambaa kilicholowa, na mimi nakikamua kwenye sufuria, maana ndiyo kazi yangu: kuvuta maji yanayobaki. Halafu anatoka. Mahali pa kutokea Mwalimu alikataza tusipataje kwa jina. "Mutasema mulango tu. Wazazi watakuwako." Basi tangu hapo mlango wowote uliofunguliwa Lusangi, wa kanisa, wa duka, wa jikoni, sisi tulikuwa chini tunagaagaa kwa kucheka, na watu wazima wakatuona tumerogwa.

Siku ikafika. Ensipekta aliingia na pikipiki, tope hadi magotini, mrefu, mkavu, miwani ina ukungu. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeanguka mara kadhaa njiani na hakupata wa kumlaumu. Wazazi walikuwa wamejaa pembeni, na baba yangu nilimwona nyuma yao, mikono mgongoni.

Mwalimu akapiga filimbi. Feza akaanza: du-dum, du-dum. Mapacha wakajaza vifua, wakashusha, wakajaza, pamoja kabisa, kama hawajawahi kugombana. Amisi akatafunwa na madawati, akamezwa na umio, akaangukia kwenye kikwembe. Na hapo wale wasichana wanne, kwa kiherehere cha kuonekana na mgeni, wakatikisa kwa nguvu zao zote. Amisi akaruka juu. Nasema akaruka! Akarudi alikotoka, akapita juu ya meno, akaanguka nje ya kinywa kwa tumbo lake, pu! mbele ya wazazi wote.

Wazazi wakacheka, lakini Mwalimu alikuwa amesimama kama amemeza filimbi. Ensipekta akauliza taratibu:

"Na hii ni nini?"

Mimi nilikuwa mbali, kule mwisho wa mwili na sufuria yangu, sina la kufanya. Nikamtazama baba. Sijui kilichonipata. Nikasikia sauti yangu inapaa uwanjani:

"Ametapika, Bwana Ensipekta! Alikula chakula kibaya, na tumbo lilikataa!"

Feza akanielewa papo hapo. Akaharakisha ngoma, dudum-dudum-dudum, maana mtu anayetapika moyo humwenda mbio. Mapacha wakaanza kuhema. Wale waliokuwa ngozi wakajimwagia maji ya ndoo wakipiga kelele "jasho! jasho!" ingawa jasho halikuwa na ruhusa ya kusema. Hata mifupa, watoto waliolala chini na ambao hawakupaswa kusogea, wakaanza kutetemeka kwa homa. Uwanja mzima uliugua.

Ensipekta akaja hadi nilipo, hatua ndefu, akajipinda. "Na sasa mutu huyu atapona namna gani?"

"Apewe maji, kidogo kidogo, na chumvi na sukari ndani."

"Na weye ni nani?"

"Miye ni utumbo mupana!" nikasema kwa sauti ambayo hadi leo najishangaa. "Miye ndiye navuta maji! Bila miye huyu mutu atakauka!"

Mdomo wake ulicheza kidogo pembeni. "Basi aendelee," akasema. Amisi akanyweshwa kikombe kizima, akatafunwa upya, safari hii akatikiswa kwa adabu, akatekenywa, akanifikia akiwa hoi. Nikakamua kitambaa hadi tone la mwisho, nikamsukuma atoke. Amisi akatoka kwa kasi, kichwa mbele, moja kwa moja kwenye miguu ya Ensipekta.

Hakuna aliyekuwa amemwambia pale ni wapi. Feza akaacha ngoma, akasema kwa heshima kubwa: "Bwana Ensipekta, samahani, umesimama ku mulango."

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa. Yule mtu mkavu alivua miwani, akashika mbavu, akacheka hadi akakaa chini kwenye majani na lile tope lake, na Amisi amelala pembeni yake akihema kama tonge lililofika salama. Wazazi walishikana mabega. Mwalimu Sumaili alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Na kule nyuma nikamsikia baba yangu, mtu asiyependa maneno, akiwaambia wenzake: "Ule wa sufuria. Ule ni mutoto wangu."

Kalasi haikufungwa. Mimi niliendelea, nikasoma Kasongo, nikawa mwalimu huku huku kwetu. Feza aliolewa Nyangwe na anauza samaki kando ya mto, akicheka unamsikia kabla hujaona mto. Amisi ana wajukuu sasa, na wajukuu wenyewe humwita Babu Bugali bila kujua sababu. Wale mapacha, mmoja alikwenda na miaka mibaya ile ya vita, na mwenzake alipokuja kuniona tulikaa muda mrefu tukipumua tu.

Siku hizi vijana wetu wana mwili wote kwenye simu. Juzi mjukuu wangu alinionyesha: unagusa, ngozi inatoka; unagusa tena, misuli inatoka; moyo unadunda peke yake kwa rangi nzuri sana. Nikamwuliza, "Na wako uko wapi?" Akaangalia simu! Nikamsimulia habari ya mlango, na kabla sijafika nusu nilikuwa nimeanguka mkekani kwa kucheka, machozi yananitoka. Akauliza kwa huruma kama kuna video. Hakuna, mwanangu. Kulikuwa na uwanja, na sisi tumelala juu yake tumeshikana, huyu akicheka yule anatikisika. Yeye ana mwili kwenye simu, mzuri kuliko ule, kamili, haukosi hata mshipa mmoja. Lakini anautazama akiwa amekaa pembeni, peke yake, na hakuna wa kumtekenya.