Gati la Wagiriki Juu ya Ziwa Nakuru

Siku yangu ya kwanza kazini, katika miaka ya hamsini, nilipanda kilima kilicho juu ya Ziwa Nakuru nikiwa na shahada mpya na wasiwasi mwingi. Nilipewa mwiko wa mwashi na burashi. Nikivunja kitu je? Nikikanyaga pasipokanyagwa? Mkurugenzi wa Uchimbaji alinifundisha vizuri, hilo silikatai. Udongo hukaa kwa matabaka, la chini ni la kale kuliko la juu. Kila tabaka huondolewa peke yake na kupitishwa kwenye chekeche, ili kila kitu kijulikane kilipotoka.

Tatizo lake lilikuwa Ugiriki. Ujanani alichimba mji wa bandari huko, wenye magati ya mawe na maghala ya divai, na tangu hapo kila jiwe alilipima kwa mji ule. Ni kweli kwamba zamani ziwa letu lilifika juu sana. Basi tulipofukua ukuta wa mawe, akatangaza: "Gati! Watu ya bahari walijenga hapa."

Bahari, Nakuru!

Kando ya ukuta kulikuwa na tabaka nene la kijivu, laini kama unga. Nililisugua kwa vidole, nikatazama, nikatazama tena kwa kuogopa kukosea. Ilikuwa samadi ya kale. Tulikuwa ndani ya boma la ng'ombe, na chekeche ndiyo ingetuambia wenye ng'ombe walikuwa nani.

Nilipomwonyesha nyapara wetu, Mzee Koros, alicheka. "Mwalimu, kwani meli za hao Wagiriki zilikula nyasi?"

Mkurugenzi hakucheka. "Toa hii yote. Tupa chini. Mimi nataka sakafu ya gati."

"Bwana, bado hatujachekecha."

"Hii ni mavi tu."

"Ni wewe uliyesema kila tabaka lichekechwe."

"Wewe iko na digrii moja. Mimi iko na bandari mzima! Koros, peleka huyu ghalani, ahesabu ndoo."

Kutoka ghalani niliyasikia makoleo. Asubuhi nzima kijivu kile kilimwagwa mteremkoni. Chini yake hapakuwa na sakafu ya gati. Palikuwa na mwamba.

Baadaye nilipekua lundo la taka, ambako udongo wa matabaka yote ulikuwa umechanganyika, nikapata bakuli la jiwe lililosuguliwa kwa ustadi ambao bado unanishangaza. Mtunza Makumbusho aliligeuza mara mbili mkononi. "Lilitoka tabaka gani?" Nilimwambia lilitoka lundoni.

Nilihudumu katika makumbusho hadi nikastaafu. Vijana huniambia nimsamehe Mkurugenzi, kwamba alikuwa mtu wa enzi zake. Nimelifikiria hilo kwa kila upande, labda kupita kiasi, na bado nakataa. Kanuni aliyoivunja ilikuwa yake mwenyewe. Kule bandarini Ugiriki asingetupa hata karai moja la udongo bila kulichekecha.

Bakuli liko kabatini hadi leo, na kadi yake inasema: asili haijulikani. Si kweli. Asili yake ilikuwa pale pale ardhini, ikingoja kusomwa, na sisi tukaitupa kwa makoleo.