Uma za Anti Ndinda

Mezani tulikuwa wanne siku hiyo: mimi, niliyekuwa na miaka kumi na minne, Mwende, mdogo wangu, Kioko, kitinda mimba wetu, na mwenye nyumba, Anti Ndinda, dada mdogo wa marehemu mama. Hadi leo nikisikia uma ukikwaruza sahani, meno hunisisimka, na harufu ya wali wa nyama na ya mafuta kwenye nywele za Mwende, zilizosukwa vizuri kuliko nilivyowahi kumsuka, hunirudia.

Mama alipozikwa, Anti alimchukua Mwende akakae naye mtaani kwake Kawangware kwa muda. Mimi niliacha shule darasa la saba, nikabaki na Kioko nyumbani kwetu Laini Saba, nikifulia watu nguo. Muhula ulipoisha nilikwenda kumrudisha Mwende nyumbani. Nilibeba mfuko mtupu wa kutia nguo zake.

Mnajua, kwetu uma kilikuwa kitendo. Mbwa anauma, jino linauma. Vyombo vyetu vilikuwa sufuria, mwiko na vijiko viwili, na kazi iliyobaki ilifanywa na vidole. Mama alikuwa akisema mkono haukosei mdomo hata taa ikizimika.

Basi Kioko alipong'ang'ana na kipande cha nyama, Anti alimwambia kwa upole, "Achana na kijiko, baba. Uma!"

Kioko akainama, akaing'ata nyama palepale kwenye sahani. Alipoinuka alikuwa na mchuzi hadi kwenye nyusi. "Nimeuma, Anti!"

Anti alicheka hadi akafuta machozi. Hata mimi nilianza kucheka. Kisha Mwende akainua kile chuma chenye meno. "Uma ni hii. Anti, hawa hawajui."

Hawa! Nikaacha kucheka.

"Na wewe madam umejulia wapi?" nikamuuliza. "Si juzi tu tulikuwa tunagombania kulamba sufuria?"

"Huku hatulambangi sufuria."

Wivu ulinishika kama njaa. Nilimwonea Anti wivu kwa zile nywele, kwa kitambaa cha meza, na zaidi kwa lile neno dogo la "hatu" ambalo mimi sikuwa ndani yake. Nilishika uma kama jembe. Wali ulimwagika, nikauokota punje kwa punje, sikumtazama mtu.

Tulipomaliza, Anti aliuona mfuko. Akauliza polepole, "Unambeba leo?"

Mwende aliinamia sahani yake tupu. Nilitaka kusema ndiyo. Lakini sare yake ya shule ilikuwa imeanikwa dirishani, na mimi nilijua Laini Saba singeweza kumlipia hata muhula mmoja. Niliukunja mfuko mara mbili, nikaukalia.

Njiani Kioko aliuliza, "Kwani Mwende haendi na sisi?"

"Anamalizia kula," nikamwambia.

Tulipokuwa watu wazima ndipo Mwende aliponiambia, huku akicheka, kwamba zile uma ziliazimwa kwa jirani na zilirudishwa jioni ileile. Siku nyingine zote walikula kwa mikono, na sufuria waliilamba. Anti alikuwa amemfundisha kushika uma asubuhi nzima, ili nione mtoto analelewa vizuri nisimchukue. Kumbe nilipokuwa nikimwonea wivu, yeye alikuwa akiniogopa mimi, msichana wa kufua nguo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kumbeba.

Mwaka jana wakwe walikuja kuleta mahari ya Mwende. Walileta blanketi moja la mama wa bibi harusi. Wazee wakaniita mimi, kifungua mimba, nishike nafasi ya mama, wakanifunika mabegani. Anti Ndinda alipiga vigelegele kuwashinda wote, kisha akarudi jikoni kupakua chakula.

Blanketi lile ninalo, nalilalia. Aliyestahili kufunikwa ni Anti, na bado sijampelekea.